Fundo la Turubai la Mama Hodan

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, mjini Sultan Hamud
Tarehe: 16/11/2025, Jumapili
Saa: nane na dakika ishirini mchana
Kuhusu: kuanguka kwa turubai mbele ya hoteli ya Bi. Arbaco, na kujeruhiwa kwa Mzee Nyamai
Jina la shahidi: Kivuva Mutunga (mtaani huitwa Injinia)
Umri: miaka 21
Kazi: kufunga maturubai na vibarua vya mkono
Masomo: kidato cha pili, muhula mmoja
Makao: nyuma ya stesheni ya zamani ya reli, Sultan Hamud. Nyumbani ni Kilungu.
Lugha aliyotumia: Kiswahili

Mimi ndiye Kivuva Mutunga. Nimekuja hapa kituoni kwa miguu yangu. Sikuletwa na mtu na sikushikwa. Afande Nzilani ameniambia niseme polepole kwa sababu anaandika kwa mkono, na pia niache kujisifu. La kwanza nitaliweza. La pili nitajaribu.

Kazi yangu ni kufunga maturubai. Kutoka stendi mpaka kwenye reli, ukiona turubai limetandwa mbele ya duka na halipigi makofi kwa upepo, hilo ni langu. Nilijifunza kwa lori. Nilikuwa turnboi, yaani msaidizi wa dereva, miezi minane, Mombasa kwenda Nairobi, nikifunika simiti na ngano. Mzigo ukilowa anayetukanwa ni turnboi, kwa hivyo mtu hujifunza haraka. Niliacha kazi hiyo kwa sababu dereva alikuwa na wivu. Afande anasema hilo halihusu kesi. Basi.

Niko na fundo langu. Hilo linahusu kesi, kwa hivyo naomba liandikwe vizuri. Nalifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nazungusha mara tano, halafu ncha inapita chini na kurudi mahali mtu hatarajii. Ukilivuta linakaza. Ukilivuta kwa nguvu zaidi linakaza zaidi. Likilowa maji ndiyo kabisa. Wanaume wazima wamelijaribu mpaka wakaumia kucha. Mimi nalifungua kwa mkono mmoja, na nilikuwa napenda sana kusema hivyo. Nimelisema pale sokoni mpaka watu wamechoka nalo.

Arbaco, ambaye sote tunamwita Mama Hodan, ana hoteli ndogo ya chai na anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, kando ya barabara ya Mombasa. Alikuja kutoka upande wa Garissa miaka sita iliyopita. Hodan ni msichana wake, ana miaka minne. Ukisimama barabarani ukiangalia hoteli, upande wa kulia iko meza ya Muli, anayeuza machungwa na maparachichi ya Kilungu. Muli ni mtu wa kwetu, shemasi kanisani, mtu wa maneno machache na uso wa kukunja. Watu wanasema hawa wawili ni maadui. Mimi nafanya kazi pale kila siku, na nataka iandikwe kwamba Mama Hodan akiingia ndani kusali, Muli ndiye huangalia birika isimwagike, na akija mteja humtilia chai. Muli naye akienda Kilungu kuleta mzigo, machungwa yake huuzwa na Mama Hodan. Wanagombana, ndiyo. Hata mimi na dada yangu tunagombana.

Mnamo tarehe 10 Novemba, siku ya Jumatatu, majira ya saa nne asubuhi, Mama Hodan aliniita. Alikuwa amepata turubai kuukuu la lori kutoka kwa kaka yake ambaye ni dereva. Zito, la kijani, zuri. Lilikuwa na shimo moja tu la zamani mahali ambapo ndoano ililirarua. Alitaka wateja wake wakae kivulini. Nilipigilia ukingo wa nyuma kwenye mbao za hoteli, na mbele nikasimamisha nguzo mbili za mkalitusi, moja kulia karibu na meza ya Muli, nyingine kushoto. Ardhi pale ni ngumu kama sahani. Nilichimba mashimo ya kufika kwenye kiwiko changu, nikachoka. Mkono wangu si mrefu. Hilo sikumwambia mtu.

Tulipomaliza Mama Hodan aliangalia juu, akaangalia mawingu ya upande wa milima, akasema, “Injinia, mvua ikija, maji yote ya hii turubai yataenda barabarani?”

Nikamwambia, “Ndiyo, mama. Turubai linaelekea mbele.”

“Haiwezekani kuyashika?”

Afande ni mtu wa huku, anajua. Kwetu mvua ikianza kila kitu kinatolewa nje: sufuria, karai, ndoo, mtungi uliokatwa shingo, mpaka kofia ya mzee. Mtu akiacha maji yapite mlangoni kwake yaende zake, anaangaliwa kama mtu anayemwaga unga. Mama Hodan amekaa nasi miaka sita na ameshika hiyo tabia kuliko sisi. Na mimi, mtu akiniuliza kama jambo linawezekana, siwezi kusema hapana. Huo ndio ugonjwa wangu.

Nikamwambia, “Mama, mimi nashika hata upepo.”

Nililegeza turubai katikati likafanya tumbo. Lile shimo la ndoano lilikuwa sawasawa pale chini ya tumbo. Nikalikusanya kwa mikono, nikalishonea kipande cha gunia la plastiki likawa na shingo, kama mdomo wa gunia la mahindi unaoangalia chini. Chini ya shingo nikaweka pipa. Mvua inaingia tumboni, inateremka kwa shingo, inajaza pipa. Pipa likijaa, unafunga shingo kwa tyubu, maji yanangoja juu, unaleta pipa lingine. Ndivyo nilivyopanga. Watu walikuja kuangalia. Mmoja alipiga picha.

Muli hakuja kuangalia. Alikuwa anapanga machungwa yake, akasema bila kugeuka, “Kijana, turubai ni la kivuli. Maji yanataka bati na tangi.”

Nikamjibu kwa jina la mtoto wake, “Baba Kalekye, wewe uza matunda. Mambo ya uhandisi tuachie sisi.”

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Mnamo tarehe 12, Jumatano, majira ya saa kumi jioni, kulinyesha kidogo. Pipa lilifika nusu. Kazi ilikuwa safi, isipokuwa kona ya kulia ilidondokea meza ya Muli na machungwa yakalowa. Muli alitoka akasema kwa sauti, na watu kama kumi walisikia, “Iko siku nitakata hii kitu yenu!” Mama Hodan akamwambia, “Kata, baba, halafu na chai yako ukatafute kwingine.” Mimi nikasema machungwa yake yalikuwa yanataka kuoga tangu mwaka jana. Watu walicheka tena.

Hayo ya kukata ndiyo watu wameandikisha hapa kituoni. Ni kweli aliyasema. Lakini kuna lingine alisema baada ya watu kutawanyika, na halikuandikishwa kwa sababu nililisikia peke yangu. Aliniita karibu. Aliangalia ile shingo, akaigusa kwa kidole, akaniuliza, “Kivuva, ukiifunga hii na usiwepo, nani ataifungua?”

Nikamjibu, “Sitakosa kuwepo.”

Akasema, “Haya,” akarudi kwa meza yake. Hiyo “haya” yake imekaa kichwani mwangu tangu Ijumaa.

Mnamo tarehe 14 Novemba 2025, siku ya Ijumaa, saa nane na dakika arobaini mchana, mvua ilianza. Hii haikuwa kama ya Jumatano. Hii ilikuja na kelele. Watu walikimbilia verandani, wengine ndani ya maduka. Chini ya turubai alibaki Mzee Nyamai, mfanyabiashara wa mbuzi, amekaa upande wa kushoto na chai yake, na Hodan, aliyekuwa amekaa juu ya kreti katikati akicheza na kikombe cha bati. Jiko na birika vilikuwa mlangoni. Mama Hodan alikuwa anapika anjera ndani.

Saa tisa kamili pipa lilikuwa limejaa mpaka juu. Nilimwita Mama Hodan aone. Alitoka, akaingiza mkono kwenye maji mpaka kwenye kiwiko, akacheka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Alisema, “Injinia, hii ni wiki nzima.” Nikajisikia mkubwa.

Nilifunga shingo kwa tyubu, mizunguko mitano. Nikamwambia, “Mama, naenda kuchukua pipa lingine kwa mashine ya kusaga. Dakika tano. Mtu asiguse hili fundo mpaka nirudi.”

Akaniuliza, “Na ikijaa?”

Nikamwambia, “Hiyo ni turubai ya lori, mama. Inabeba simiti.”

Hapo nilisema uongo, au niseme nilisema ujinga. Turubai la lori halibebi simiti. Simiti inabebwa na lori. Turubai liko juu tu.

Mashine ya kusaga iko ng'ambo ya barabara, karibu mkabala na hoteli, kama hatua arobaini. Nilifika saa tisa na dakika tatu. Pipa lilikuwa tayari, tupu, limeegemezwa ukutani. Ningelichukua nikarudi. Lakini mle ndani kulikuwa na watu wengi wamejikinga mvua, na mmoja akaniuliza, “Injinia, ule mtego wako umeshika?” Basi nikaanza kueleza. Nilieleza shingo, nikaeleza tumbo, nikachora kwa kidole juu ya unga uliomwagika mezani. Waliniuliza maswali na nikayajibu yote. Saa ilikuwa ukutani, juu ya mashine. Niliiona ikiwa tisa na robo. Niliiona tena ikiwa tisa na dakika ishirini na tano. Siwezi kusema sikujua saa.

Afande ameniuliza kama kuna mtu alinizuia kutoka. Hakuna.

Saa tisa na nusu hivi nilisimama mlangoni mwa mashine na kuangalia ng'ambo. Mvua ilikuwa imepungua kidogo na niliona vizuri. Ni saa ambayo Mama Hodan huingia chumba cha nyuma kusali. Hakuwepo nje. Muli alikuwa amesimama karibu na birika, kama kila siku. Halafu nikamwona anaangalia juu. Tumbo la turubai lilikuwa limeshuka mpaka karibu na kichwa cha mtu. Aliangalia nguzo. Akaenda haraka, akamshika Hodan mkono, akamvuta kutoka kwenye kreti mpaka nje kwenye mvua, karibu na meza yake. Mtoto alilia. Kikombe kilibaki chini.

Muli akarudi chini ya turubai. Akashika ile shingo kwa mikono miwili na kuanza kuhangaika na fundo. Alikuwa analivuta. Kila mtu analivuta.

Mimi nilifanya nini? Naomba liandikwe kama nilivyolifanya. Nilicheka. Niliwaita wale wa ndani, nikasema, “Njooni mwone shemasi akipigana na fundo langu!” Watu watatu walikuja mlangoni wakacheka nami. Muli alijaribu kwa vidole, akajaribu kwa meno. Mtu wa miaka hamsini na tano, anauma tyubu ya baiskeli, na mimi nacheka.

Halafu nilisikia mlio wa nguzo. Hata ng'ambo ya barabara niliusikia. Nguzo ya kushoto ilikuwa inainama kuelekea ndani, na udongo pale chini ulikuwa umekuwa uji. Wale watatu walikuwa wamesharudi ndani kwa sababu ya baridi. Mlangoni nilikuwa peke yangu.

Muli alipiga kelele kwa Kikamba, “Umai nza!” yaani tokeni nje. Mzee Nyamai alimwangalia na kuinua mkono, kama anayesema subiri nimalize chai. Muli aliruka mpaka kwa meza yake, akachukua kisu cha kupasulia machungwa ya kuonjesha, akakata kamba ya kona ya kulia, ile iliyoshika turubai kwenye nguzo. Kona hiyo ikaanguka upande wa barabara, na maji yote yakatoka kwa hapo. Yalikuwa mengi. Yalivuka lami yakanifikia miguuni. Nilikuwa na hilo pipa tupu mkononi.

Nguzo ya kushoto, ambayo ilikuwa imeshang'oka, ilianguka wakati huohuo na kumpata Mzee Nyamai mguuni. Kreti ya Hodan ilifunikwa na turubai. Nilikuja kuiona baadaye, imepasuka.

Kelele zikatoa watu madukani. Walichokiona ni turubai chini, mzee anagumia kwa maumivu, mtoto kwenye matope analia ameshika mkono wake, na Muli amesimama na kisu. Mama Hodan alitoka nyuma bado na mtandio wa kusalia. Alimwangalia Muli, akasema, “Umesema utakata. Umekata na mtoto wangu chini?” Hakupaza sauti. Muli alisema, “Mama Hodan, sikiliza,” lakini vijana walikuwa wameshamshika shati na hakuna aliyesikiliza.

Nilivuka barabara. Polisi wawili walifika saa kumi kasorobo. Mmoja aliuliza, “Nani alifunga hii turubai?”

Nikasema, “Mimi.”

“Inaweza kuwa ilifunguka yenyewe?”

Nikasema, “Fundo langu halifunguki lenyewe, Afande.”

Hayo tu. Kila neno lilikuwa kweli. Shingo ilikuwa bado imefungwa, na mpaka leo imefungwa. Lakini watu wote pale waligeuka wakamwangalia Muli, na Muli akaniangalia mimi. Alingoja. Alinipa nafasi ya kuongeza neno. Nilikuwa na maneno mengi siku hiyo, nimeyamaliza yote kwa mashine ya kusaga. Akaingizwa kwenye gari.

Jumamosi sikuja hapa. Nilikuwa sokoni. Watu walikuwa wakisema, “Fundo la Injinia lilikataa, ikabidi kisu.” Nilinunuliwa soda mbili. Nilikunywa ya kwanza. Ya pili nilimpa mtu.

Leo asubuhi, saa nne na nusu, Mbithe, mke wa Muli, alinikuta stendi. Nilidhani amekuja kunitukana na nikapanga majibu. Alikuwa amevaa nguo za kanisani. Aliniambia meza ya mume wake imebaki wazi, jua linakula maparachichi, na kesho Muli anapelekwa kortini, kwa hivyo yeye ndiye atauza. Akaniomba nimfungie kipande cha nailoni juu ya meza.

Nilienda. Nilifunga upande mmoja, nikafunga wa pili. Alikuwa amesimama ananiangalia mikono. Akaniambia, “Kivuva, mwanangu, nifungie kwa fundo ambalo hata mtoto anaweza kulifungua. Mimi nitakuwa hapa peke yangu.”

Hakujua. Nina hakika hakujua chochote. Aliomba tu kama mama yeyote angeomba.

Nilifungua niliyokuwa nimefunga, nikamfungia kama kamba ya kiatu. Alivuta ncha, likafunguka, akasema, “Hivyo. Asante.” Pale mbele ya hoteli Hodan alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa amevaa nguo ya mikono mifupi na niliona alama kwenye mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko. Alama nne upande mmoja na moja upande wa pili. Mama Hodan anasema aliumia alipoangukiwa na kamba. Kamba haina vidole, Afande. Huo ni mkono wa Muli alipomvuta.

Sikuweza kumwambia Mama Hodan pale pale. Nilijaribu. Nilisema, “Mama,” akasema, “Ndiyo, Injinia,” nikamwuliza kama ana chai. Nikanywa chai yake, kisha nikaja hapa.

Sasa kuhusu Muli. Afande ameniuliza najuaje nia ya mtu mwingine. Sijui nia ya mtu, lakini najua turubai. Turubai la Mama Hodan liko hapo kwenye kona, nyuma ya kiti chako, limekunjwa na kufungiwa lebo. Likunjue uliangalie. Mtu mwenye kisu na chuki, na tumbo la turubai limening'inia usoni mwake, angeingiza kisu hapo hapo tumboni. Turubai lingekuwa limeharibika, na maji yote yangemwagikia jiko na mlango wa yule anayemchukia. Lakini hutapata tundu jipya hata moja. Alikata kamba. Kamba ilikuwa yangu, ya mkonge, ya kuokota. Na aliikata kwa kona inayoangalia barabara, ambako hakuna mtu. Hata akiwa na haraka ile, hakutaka kuharibu mali ya mama wa watu. Hiyo ndiyo sababu aliteseka kwanza na fundo. Kama angelifungua, maji yangeshuka taratibu na nguzo ingesimama. Mzee Nyamai angemaliza chai yake. Hakuna mtu angejua alichofanya, na mimi ningekuja na pipa langu nikidai sifa.

Hakuweza kulifungua kwa sababu nililifanya hivyo makusudi. Ukifunga shingo ya maji, mtu aliye karibu lazima aweze kuifungua. Nilijua hilo hata bila kufika kidato cha nne. Dereva wangu wa lori aliniambia mara mia: fundo la turubai ni la kufungwa na mmoja na kufunguliwa na yeyote, maana hujui nani atakuwa karibu mzigo ukishika moto. Ndiyo maana tulikosana. Nilisema alikuwa na wivu. Hakuwa na wivu.

Kwa hivyo mashimo mafupi ni yangu, fundo ni langu, na dakika ishirini na tano ni zangu. Afande Nzilani amesimamisha kalamu na kuniambia kwamba maneno haya yanaweza kutumiwa dhidi yangu, na nikitaka naweza kunyamaza. Nimemwambia Ijumaa nilinyamaza na nimeona kunyamaza kunafanya nini. Aendelee kuandika.

Naomba mambo mawili. La kwanza, Mama Hodan asomewe maelezo haya kabla ya kesho, na asomewe na mtu asiyeharakisha, hasa pale pa alama za vidole. La pili, kama lazima niwekwe ndani, nisiwekwe chumba kimoja na Muli leo. Si kwamba namwogopa. Atasema “haya” tena, na sitajua niangalie wapi.

Yote niliyoyaona na niliyoyafanya yameishia hapo. Sijapunguza, na mahali nilipojisifu nimeacha pabaki ili ionekane ni mimi niliyesema. Nimesomewa kwa Kiswahili na nimekubali.

Sahihi ya shahidi: K. Mutunga

Maandishi ya ofisa:

Maelezo haya yameandikwa nami, Konstebo Nzilani, kama alivyoyatamka shahidi, kuanzia saa nane na dakika ishirini hadi saa kumi kasoro dakika tano. Alionywa kisheria na akachagua kuendelea. Hakuahidiwa wala kutishwa.

Baada ya kutia sahihi, kielelezo namba 1 (turubai la kijani) kilikunjuliwa mbele yake na mbele ya msimamizi wa zamu. Lilikaguliwa lote. Hakuna mkato mpya. Kamba ya kona ya kulia imekatwa kwa kitu chenye makali. Shingo ya plastiki bado ilikuwa imefungwa kwa mpira. Mimi nilijaribu kulifungua fundo nikashindwa. Msimamizi wa zamu alijaribu akashindwa. Shahidi alilifungua kwa mkono wa kushoto mara moja.

Ndani ya shingo mlikuwa na maji ya Ijumaa, kiasi cha kikombe kimoja. Yalipoanza kutoka shahidi aliyakinga kwa viganja vyake, akabaki amesimama hivyo, akiangalia huku na huku mahali pa kuyaweka. Nilimpa kikombe changu.

Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo saa kumi na dakika tano, pamoja na ombi kwamba mshukiwa Muli aachiliwe. Bi. Arbaco ameitwa. Amefika akiwa na mtoto, na chupa ya chai. Amesomewa maelezo haya polepole, kisha ameuliza Muli yuko chumba kipi.